Mawimbi ya ubongo: yanavyobadilika tukiwa macho, tukisinzia na tukiwa usingizini

Ubongo wa binadamu una chembe za neva zinazokaribia bilioni 86, na chembe hizo huwasiliana kwa umeme mdogo sana. Maelfu kwa maelfu yakifanya kazi kwa pamoja, umeme wao hupanda na kushuka kama mawimbi ya maji. Hayo ndiyo mawimbi ya ubongo. Hupimwa kwa kubandika vidude vidogo vya chuma juu ya ngozi ya kichwa, bila kuchanja wala kuchoma sindano. Kipimo hicho huitwa EEG. Hakiingizi umeme kichwani kama baadhi ya watu wanavyohofia. Kinapokea tu, kama redio yako inavyopokea matangazo yetu.

Umeme wenyewe ni hafifu mno. Betri moja ya tochi, yenye volti 1.5, ina nguvu zaidi ya mara elfu kumi ya mawimbi yanayofika juu ya ngozi ya kichwa.

Aliyeyarekodi kwa binadamu kwa mara ya kwanza ni Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili katika mji wa Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Alichapisha matokeo yake mwaka 1929, na wengi walimtilia shaka hadi watafiti wa Uingereza walipoyathibitisha mwaka 1934. Berger aligundua kwamba mtu akifumba macho na kutulia, hutokea mawimbi yenye mpangilio mzuri, 8 hadi 13 kwa sekunde. Akifumbua macho, hupotea. Aliyaita alfa.

Ukiwa macho na akili inafanya kazi, kwa mfano unapopiga hesabu za mauzo ya mahindi, mawimbi huwa madogo na ya haraka, 13 hadi 30 kwa sekunde. Hayo ni beta. Yapo ya haraka zaidi yanayoitwa gama, lakini ni magumu kupima kwa sababu hata misuli ya uso ikikaza huvuruga kipimo.

Ukianza kusinzia, kasi hushuka hadi kati ya 4 na 8 kwa sekunde. Hayo ni theta, mawimbi ya usingizi wa mang'amung'amu, ambapo unasikia watu wakiongea lakini huwezi kueleza walichosema. Hali hii ni ya hatari kwa dereva. Ubongo uliochoka unaweza kuingia humo kwa sekunde chache, wakati mwingine macho yakiwa wazi. Bodaboda inayokwenda kilomita 60 kwa saa hupita mita 50 katika sekunde tatu, na mwenye kuiendesha hajui.

Usingizi ukikolea huja delta, mawimbi makubwa na ya polepole, chini ya manne kwa sekunde. Hutawala zaidi sehemu ya kwanza ya usiku. Ndiyo maana mtoto akiamshwa muda mfupi baada ya kulala huzungumza maneno yasiyoeleweka, na asubuhi hakumbuki kitu.

Baadaye huja usingizi wa ndoto. Hapa mawimbi hufanana na ya mtu aliye macho, ilhali misuli ya mwili imelegea kabisa, na hilo ni jema, la sivyo tungekuwa tunakimbia tunapoota tunakimbizwa. Mara nyingine mtu hushtuka akili ikiwa macho wakati misuli bado imefungwa. Hawezi kuinuka wala kupiga kelele, na huhisi kama kuna kitu kimemkalia kifuani. Wengi husema wamekabwa na jinamizi. Hali hiyo hupita yenyewe baada ya sekunde au dakika chache, na huwapata zaidi waliokosa usingizi wa kutosha.

Wasikilizaji hutuuliza kuhusu sauti zinazosambazwa kwenye simu kwa madai kwamba zinabadili mawimbi ya ubongo na kuleta utulivu au akili darasani. Kwa kawaida kila sikio hupewa mlio tofauti kidogo, kwa hiyo bila vifaa vya kuvaa masikioni mbinu hiyo haifanyi kazi kama inavyodaiwa. Hata ukivaa, tafiti zimetoa matokeo yanayopingana. Sisi tusingetumia bando kwa ajili hiyo. Mawimbi ni kama moshi wa jikoni: ukiuona unajua kuna moto, lakini kupepea moshi hakuivishi ugali.

Mawimbi yakivurugika

Manufaa makubwa ya EEG yako kwenye kifafa. Kifafa hutokea pale chembe nyingi za ubongo zinapolipuka kwa umeme kwa pamoja na kupita kiasi. Kinaweza kutokana na majeraha ya kichwa, matatizo wakati wa kuzaliwa, malaria kali au minyoo ya nguruwe iliyofika kwenye ubongo. Hakiambukizwi kwa mate wala povu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 50 hivi wanaishi na kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila degedege wakipata matibabu sahihi.

Si kila kifafa huangusha. Kuna mtoto anayezubaa ghafla kwa sekunde kumi hivi, macho yameganda, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea. Mwalimu humchapa kwa kutosikiliza. Kwenye EEG ya mtoto kama huyo huonekana mawimbi yenye ncha kali, matatu kwa sekunde, alama iliyojulikana tangu mwaka 1935.

Kipimo hiki hupatikana zaidi hospitali kubwa, na kikitoka safi hakimaanishi kwamba kifafa hakipo, kwani mawimbi huenda yalikuwa shwari wakati wa kupima. Daktari hutegemea sana maelezo ya aliyeshuhudia. Hapo simu yako inafaa. Mgonjwa akianguka, kwanza mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na angalia saa. Ikizidi dakika tano, mkimbizeni hospitali. Kama yupo mtu wa pili, arekodi video fupi, na muionyeshe kwa daktari pekee.