Milima Miwili na Reli Moja: Habari za Wachagga na Wapare

Makala hii ilizaliwa katika kikao. Katika parokia moja ya mjini, ambako Wachagga na Wapare husali chini ya paa moja, wazee walikaa kupanga michango ya Jubilei. Likaletwa daftari. Mzee mmoja akalitazama, akasema ya kuwa jumuiya zenye Wachagga wengi zimekwisha kutoa, na zenye Wapare wengi zimechelewa, “na hayo ndiyo maumbile yao, Mpare hafungui mkono.” Mzee wa Kipare akamjibu upesi, “Na Mchagga huufungua pale tu ajuapo kwamba utarudi umejaa.” Watu wakacheka, maana utani wa makabila haya mawili ni wa siku nyingi. Lakini katibu, mama wa makamo mzaliwa wa Ugweno, hakucheka. Alilifunga daftari, akasema, “Mwalimu, wewe umesoma vitabu. Tuambie basi, ni maumbile?” Siku ile sikuwa na jibu la kutosha. Haya niandikayo ndiyo jibu langu.

Kwanza yafaa tuitazame nchi yenyewe, maana wengi wetu hupita na gari toka Same hata Moshi bila kuinua macho. Mlima wa Wachagga ni mmoja, mkubwa, wenye kimo cha mita 5,895. Pande zake za kusini na mashariki hupokea mvua nyingi, na msitu ulio juu huyahifadhi maji na kuyaachia kidogo kidogo. Watu wa kale walichimba mifongo, mifereji mirefu iletayo maji hata kwenye vihamba, wakapanda migomba kizazi baada ya kizazi. Milima ya Wapare ni safu iliyokatika, Ugweno na Usangi kaskazini, na kusini Mbaga, Chome, Gonja, Mamba na nyinginezo, na kilele chake kirefu, Shengena, ni mita 2,462. Upande uelekeao bahari una mvua njema. Upande wa magharibi hupata masalio, na tambarare ya Same ni kavu kabisa. Kwa hiyo Wapare walibuni ndiva, yaani mabwawa ya udongo yajazwayo maji usiku kucha na kufunguliwa asubuhi, kila ukoo kwa zamu yake. Mtu aliyeona jinsi ndiva inavyotunzwa, na jinsi mgawanyo wake unavyosimamiwa pasipo askari, hatasema tena kwamba watu hawa hawajui kazi wala ushirika. Lakini maji ya ndiva yana kipimo. Shamba la ndiva halipanuki kwa kupenda kwa mwenyewe.

Zamani za kale, kabla ya Wadachi, tungeuliza nani tajiri, jibu lisingekuwa jepesi. Ugweno palikuwa na wafua chuma wa ukoo wa Washana, na chuma cha Upare kilikwenda Uchagga kikawa majembe, mikuki na visu. Wamangi waliopigana wao kwa wao, akina Rindi wa Moshi na Sina wa Kibosho, walihitaji chuma hicho sana. Halafu misafara ya pembe na watumwa ikafuata bonde la mto Pangani, na vita vikazidi pande zote mbili. Chuma cha ng'ambo kikaja kwa bei ndogo, na moto wa Washana ukazimika taratibu. Basi utajiri wa kwanza wa Upare uliondoka kabla utajiri mpya haujafika, na jambo hili watu hulisahau.

Utajiri mpya ulikuwa kahawa, nasi Wakatoliki tuna sehemu yetu katika habari zake. Mwaka 1890 Monsinyori de Courmont na Padre Alexandre Le Roy, wa Shirika la Roho Mtakatifu, walipanda Kilimanjaro, na Mangi Fumba akawapokea Kilema. Kibosho ikafuata mwaka 1893, na mwaka huo huo Walutheri wa Leipzig wakaingia Machame. Mapadre wa Kilema walipanda mibuni katika bustani ya misheni, na Wakristu waliokuwa wakifanya kazi pale wakaiona ikizaa. Haikuwa mpango mkubwa wa mtu yeyote. Miche ilivuka ua, ikafika kihambani, ikakuta kivuli cha migomba, samadi ya ng'ombe wa zizini na maji ya mfongo, vyote vimekwisha kuandaliwa na mababu waliokuwa hawajaiona kahawa. Upareni wamisionari walifika baadaye kidogo, Walutheri Shigatini mwaka 1900 na Waadventista Wasabato Upare Kusini mwaka 1903. Walileta shule njema. Kanisa letu lilichelewa zaidi kusimama huko kwa miguu yake, maana Same ilipata kuwa jimbo dogo la kujitegemea mwaka 1963 tu, na jimbo kamili mwaka 1977.

Tena ikaja reli. Ilitoka Tanga, ikafika Mombo mwaka 1905, ikapita chini ya milima ya Upare kwa urefu wake wote, ikafika Moshi mwaka 1911. Itazameni reli hii jinsi ilivyowapa watu mafungu yasiyolingana. Kwa Mchagga ilikuwa mwisho wa njia, mahali pa kupakia mali yake. Kwa Mpare ilikuwa kitu kipitacho. Aliye juu Usangi alilazimika kushusha mzigo kichwani kwa njia ya mawe hata tambarare, na huko tambarare alikuta mashamba ya mkonge ya wageni yamekwisha kukaa. Mzigo uliompatia fedha mara nyingi ulikuwa nguvu za mwili wake, akaziuza huko kwa mshahara wa mwezi. Kisha mwaka 1916 vita vya Wazungu vikashuka kwa reli hiyo hiyo, Wadachi wakirudi nyuma na majeshi ya Waingereza yakiwafuata, na vyakula na wapagazi vikatwaliwa njiani.

Wala Wachagga hawakupewa yao bure. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa na Wadachi mwaka 1900 pamoja na viongozi wengine, na ukanda mkubwa wa ardhi chini ya vihamba ukagawiwa walowezi. Baada ya vita, Bwana Charles Dundas, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, aliwahimiza watu wapande mibuni. Walowezi wakanung'unika, wakitaka Mwafrika akatazwe kahawa hii, kwa hoja kwamba ataeneza magonjwa ya mimea. Kumbe walihofu pia kukosa vibarua, maana nani ataacha mibuni yake akachume ya mwingine? Ndipo mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao cha kwanza, Joseph Merinyo akiwa rais wake, ili kulinda haki ya kupanda na kuuza. Mwaka 1933 kikaja badala yake Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, kijulikanacho kwa herufi KNCU.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo njia zilipoachana. Ushirika ule uliwafundisha wakulima maelfu kusoma mizani, kutunza stakabadhi, kuchagua kamati na kuiondoa. Nao haukuwa mtakatifu. Bei iliposhuka, na amri ilipotoka kwamba kahawa yote iuzwe kwa chama peke yake, watu walikasirika, na mwaka 1937 maghala ya vyama yakashambuliwa. Lakini hata ghasia zile zilikuwa za watu wenye kitu cha kugombea. Fedha ya kahawa ilirudi ikawa mabati, ikawa duka, ikawa karo. Mtoto wa tatu na wa nne walipelekwa shule, si wa kwanza pekee. Bei ya dunia ilipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1950, Uchagga ulikuwa tayari na vyama, barabara na walimu wa kuipokea neema ile.

Na Wapare? Walipanda kahawa nao, Ugweno, Usangi na milima ya kusini, ila eneo lifaalo lilikuwa dogo na njia ya kuishusha ngumu. Somo lao kubwa la umoja lilitoka mahali pengine, nalo ni kodi. Katika miaka ya vita kuu ya pili, serikali na watawala wa Upare walianzisha mbiru, kodi ya nyongeza iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu. Watu hawakukataa kutoa kodi. Walikataa kukadiriwa, yaani mtu aje nyumbani kuhesabu mbuzi na migomba, aandike atakavyo. Mwezi wa Januari 1945 maelfu waliteremka milimani wakaenda Same, kwenye makao ya serikali, wakakaa pale kwa zamu muda wa miezi. Hawakuvunja nyumba wala kupiga mtu. Huko Usangi wanawake nao walimwendea mkuu wa wilaya wakitaka shauri limalizwe ili waume zao warudi nyumbani. Mwishowe mbiru ikaondolewa. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, ameyaandika haya yote kwa uangalifu, na kila mwalimu wa historia katika jimbo angefanya vema kumsoma.

Linganisheni basi mambo haya mawili. Mchagga alijifunza kusimama pamoja na wenzake mbele ya mizani ya kahawa, na Mpare mbele ya daftari la kodi. La kwanza lilimwachia fedha mkononi, la pili lilimwachia heshima na mfuko ule ule. Ndipo Mpare, asiye na mibuni ya kutosha, alipoifanya shule kuwa shamba lake. Mbuzi aliuzwa, mtoto akasoma, akawa mwalimu, karani au mganga mbali na kwao, akatuma fedha nyumbani. Kutoka Usangi alitokea Cleopa Msuya, aliyepata kuwa Waziri Mkuu mara mbili. Wale wasemao kwamba Mpare ni bahili wameiona senti jinsi anavyoishika, hawajaona ilikokwenda. Imekwenda shuleni. Mshahara wa mwalimu wajua mwisho wake kabla mwezi haujaanza, na mtu aishiye kwa mshahara huo hujifunza kuhesabu.

Kuna jambo jingine ambalo ndugu zangu Wachagga hawapendi kulisikia mimbarini. Utajiri wa kihamba ulikuwa na mlango mwembamba. Kahawa ilihesabiwa kuwa ya mume. Mke alibaki na ndizi na mbege ya kupeleka sokoni, ingawa alipalilia vyote viwili. Baba mwenye wana sita hawezi kugawa kihamba cha ekari mbili mara sita, na binti hakuhesabiwa kabisa. Wengi waliotawanyika kwenda kufungua maduka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza hawakusukumwa na kupenda biashara tu. Walikosa ardhi. Leo twawaona wakirudi kwa mabasi mwezi wa Desemba, makanisa ya mlimani yakafurika hata watu wakasimama nje, na mwezi wa Februari mwalimu wa dini hufundisha wazee na wajukuu.

Tena kahawa yenyewe ilidhoofika. Serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, vikarudishwa mwaka 1984 vikiwa vimepoteza mengi. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa juu ya kugawana soko la kahawa yakavunjika, bei ikaanguka, na wako walioing'oa mibuni ya babu zao wakapanda mahindi na mboga. Wakati huo huo watu wa Mamba, huko Same, wamejipatia jina kwa tangawizi, na sekondari nyingi za wananchi zimejengwa katika milima yote miwili. Wala msidhani kwamba kila Mchagga ni sawa na mwenzake. Mjane wa Rombo ya chini, ambako mvua ni haba, yu karibu zaidi na mjane wa tambarare ya Same katika shida zake kuliko na mwenye duka wa Marangu. Nimefundisha watoto wa pande zote mbili katekisimu. Njaa ya mwaka mkavu huingia darasani kwa namna moja, mtoto hulala juu ya daftari.

Kwa hiyo, Mama Katibu, si maumbile. Ni mvua, na kimo cha mlima, na chuma kilichokufa mapema, na miche iliyovuka ua wa misheni, na reli iliyosimama hapa ikapita pale. Nimeyaweka haya mbele ya halmashauri katika kikao kilichofuata, kwa maneno machache kuliko haya. Mzee aliyesema juu ya mkono wa Mpare aliuliza kama ni kweli babu yake wa Kibosho alilima kwa jembe la chuma cha Ugweno. Nilimwambia yawezekana sana. Akakaa kimya kitambo, kisha akaomba daftari lifunguliwe tena. Wakakubaliana kwamba jumuiya za wenye mishahara zitoe mwisho wa mwezi, za wakulima zitoe baada ya mavuno, na atakayeleta maharage apimiwe kwa bei ya soko la siku hiyo. Mizani tuliazima kwa mwenye duka jirani, Mpare, naye hakututoza kitu.