Kiziwi si bubu

Bubu ni mtu asiyeweza kusema. Mitaani tumembandika jina hilo kila kiziwi, na hapo ndipo tunapomdhulumu. Kiziwi ana sauti: hucheka, huita, hukemea watoto. Tena ana lugha. Tanzania ipo Lugha ya Alama. Kenya, Katiba ya 2010, katika ibara ya 120, imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, sambamba na Kiswahili na Kiingereza. Mwenye lugha ya bungeni anakuwaje bubu?

Wapo wanaoona "kiziwi" ni neno kali, wakakimbilia "mwenye tatizo la kusikia". Lakini viziwi wenyewe wanalitumia: chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Tuwafuate.

Na kusikia kwenyewe, kwa Kiswahili, si kazi ya masikio tu. Tunasikia njaa, baridi, harufu ya vitumbua. Kiziwi husikia vyote hivyo. Asichosikia ni jina lake likiitwa kwenye dirisha la dawa. Atakaa kwenye benchi akiikazia macho midomo ya muuguzi, waliomkuta wakihudumiwa na kuondoka, mpaka foleni iishe. Angeguswa bega tu, au akaandikiwa namba kwenye karatasi, angeshafika nyumbani. Ukitaka kumwita, mpungie mkono au gonga meza ausikie mtikisiko. Kumpigia kelele sikioni hakusaidii. Akiwa na mkalimani, mtazame yeye usoni na umsemeshe yeye.