Banda la Ujerumani, Barcelona 1929

Usitafute bidhaa humu. Hata wakati wa Maonyesho ya Kimataifa ya mwaka 1929, banda hili halikuonyesha mashine wala vitambaa. Ujerumani ilileta jengo lenyewe. Taifa lililoshindwa vita mwaka 1918 lilitaka kuonekana jipya, la kisasa, lisilojigamba kwa minara. Lakini unyenyekevu huo ulijengwa kwa mawe ya bei kubwa.

Wabunifu walikuwa Ludwig Mies van der Rohe na Lilly Reich. Paa bapa linabebwa na nguzo 8 za chuma, kila moja ikiwa na umbo la msalaba ukiitazama kwa juu. Hivyo kuta za marumaru na vioo zikawa huru: zinaelekeza mwendo wa mgeni bila kufunga chumba. Ukuta unaozishinda zote kwa uzuri ni ule wa jiwe la onikisi la rangi ya dhahabu. Katika bwawa dogo imesimama sanamu iliyobuniwa na Georg Kolbe.

Banda la awali lilibomolewa mwaka 1930. Hili lilijengwa upya palepale kati ya 1983 na 1986.

Tafadhali usiguse mawe.