Bandari ya Mtwara: Pesa Kwanza, Hesabu Baadaye

Ukipita sokoni Homa Bay au Migori jioni hizi, njugu karanga hazikosi. Sisi tunaotoka pande za ziwa tunazijua njugu vizuri, hasa zile za Ndhiwa na Rachuonyo. Lakini je, unajua kwamba kuna njugu zilizojengewa bandari nzima kabla hazijaota? Hebu tukae kidogo na historia hii, kwa sababu ina funzo kubwa kwetu vijana.

Ilianzaje?

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946, Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipendekeza njugu zilimwe Tanganyika kwa trekta. Serikali ikawatuma watu watatu, wakiongozwa na John Wakefield, kuja kukagua ardhi. Walizunguka kwa wiki 9 tu, na sehemu kubwa ya ardhi waliitazama kutoka juu kwa ndege!

Wakarudi na mpango wa ekari 3,210,000, yaani mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Mashamba 80 yawe Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), na 10 hapa kwetu Kenya. Gharama ilikadiriwa takriban pauni milioni 25, na mwaka 1947 mpango ukapitishwa.

Bandari inaingiaje hapa?

Katika yale mashamba 80 ya Tanganyika, 55 yalipangwa Kusini, upande wa Nachingwea. Huko hakukuwa na reli, na maji ya Lindi hayakuwa na kina cha kutosha meli kubwa. Basi ikaamuliwa ijengwe bandari mpya Mtwara, karibu na Mikindani, mji wa kale wa Waswahili, pamoja na reli ya kuingia bara.

Angalia hapo, ndugu yangu. Ukubwa wa bandari na reli ulipimwa kwa njugu zilizokuwa kwenye karatasi. Hakuna aliyesubiri kwanza kuona kama shamba litazaa.

Na halikuzaa. Kule Kongwa, ambako kazi ilianza, lengo la mwaka 1947 lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa ni kama 7,500. Trekta nyingi zilikuwa kuukuu, mabaki ya vita, zikaharibika moja baada ya nyingine. Udongo nao ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, na mvua haikutegemeka. Kusini, bandari ilikuwa bado, mizigo ikawa inashushwa kwenye gati la muda la Mkwaya, karibu na Lindi. Reli kutoka hapo ilifika Nachingwea mwaka 1949.

Maswali yaanza

Kufikia hapo, shughuli zote zilikuwa mikononi mwa shirika la serikali, Overseas Food Corporation, chini ya Waziri wa Chakula, John Strachey. Mwaka 1949 wakaguzi walipofungua vitabu, wakasema hesabu hazikuwekwa sawasawa. Bunge la London likawaka moto. Novemba mwaka huo wajumbe wawili wa bodi waliondolewa, mmoja wao akiwa Wakefield mwenyewe. Upinzani ukadai uchunguzi rasmi, lakini serikali ilikuwa na kura nyingi, ikaushinda.

Januari 1951 mpango ukafutwa. Takriban pauni milioni 36 zilihesabiwa kuwa zimepotea.

Na bandari je? Ilikamilika mwaka 1954, miaka mitatu baada ya njugu zenyewe kuachwa! Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikang'olewa. Mlipa kodi wa Uingereza alipoteza pesa, lakini mtu wa Kusini alipoteza reli na kazi alizoahidiwa, na hakuna aliyemuuliza maoni yake mwanzo wala mwisho.

Tujifunze nini?

Tuseme haki: bandari yenyewe si kitu kibaya. Mtwara inasafirisha korosho mpaka leo. Kosa lilikuwa mpangilio: pesa zilitangulia, maswali yakafuata. Wakaguzi walifanya kazi yao vizuri, lakini mkaguzi huja wakati pesa zimeshatoka. Anaweza kukuonyesha shimo, hawezi kukurudishia kilichotumbukia.

Sisi leo tuna nafasi ambayo watu wa Mtwara wa wakati ule hawakuwa nayo. Katiba ya 2010, kifungu cha 201, inataka pesa za umma zitumiwe kwa uwazi na wananchi washirikishwe. Kifungu cha 229 kinamtaka Mkaguzi Mkuu atoe ripoti ya hesabu, za kaunti zikiwemo, ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha. Sasa, kaunti ikiita kikao cha bajeti, ni vijana wangapi tunaenda?

Ukisikia gati litajengwa ziwani, au soko, au hata jengo la madrasa yetu, uliza mapema: Limepimwa kwa mahitaji gani? Nani anaandika hesabu? Likichelewa, nani atalipa? Kuuliza si uadui. Mali ya umma ni amana, na mwenye amana haudhiki akiulizwa.