Timu ya Wamaori: Ubaguzi wa rangi au heshima kwa wenyeji?

NEW ZEALAND ni miongoni mwa mataifa machache duniani yaliyo na timu ya kitaifa ambayo mchezaji hateuliwi kwa weledi wake pekee, bali pia kwa ukoo wake. Timu hiyo ni Maori All Blacks, inayowashirikisha wanaraga wenye asili ya Wamaori, wenyeji wa visiwa hivyo kabla ya kuja kwa Waingereza.

Kwa miaka mingi timu hiyo imezua mjadala mkali. Wapo wanaodai kwamba kumchagua mchezaji kwa misingi ya damu ni ubaguzi wa rangi, na kwamba lau Wazungu wa nchi hiyo wangeunda timu yao wenyewe, dunia nzima ingepiga kelele. Wapo pia wanaoshikilia kuwa timu hiyo ndiyo kumbukumbu hai ya jamii iliyonyang'anywa ardhi na kudharauliwa, na kuivunja ni kuwanyang'anya Wamaori mara ya pili.

Mjadala huu hauwezi kueleweka bila kurejelea historia, kwani historia yenyewe ina kinaya kikubwa. Watu waliobaguliwa zaidi katika raga ya New Zealand ni hao hao wanaolaumiwa leo kwa kuwa na timu ya kibaguzi.

Chimbuko la raga ya Wamaori ni ziara ya mwaka 1888 na 1889. Mchezaji Joseph Warbrick alikusanya kikosi kilichoitwa Native, yaani wenyeji, kikazuru Uingereza, Ireland na Australia. Kikosi hicho kilicheza mechi 107 na kushinda 78, idadi ambayo hakuna timu ya siku hizi inayoweza kuithubutu. Si wachezaji wote waliokuwa Wamaori. Wazungu wachache walijumuishwa ili kuziba mapengo. Ndio waliovaa jezi nyeusi yenye jani jeupe la mmea wa feni, na ndio waliowachezea Waingereza haka, ile ngoma ya vita ambayo sasa hutambulisha All Blacks kote duniani.

Mmoja wao, Thomas Ellison, alikuja kuwa nahodha wa timu ya New Zealand mwaka 1893, na ndiye aliyependekeza rangi nyeusi iwe rangi rasmi ya taifa. Kwa hivyo, anayesema Wamaori wamejitenga na All Blacks ajue kwamba jezi hiyo ya All Blacks asili yake ni Wamaori.

Timu rasmi ya Wamaori ilianza mwaka 1910 chini ya chama cha raga cha nchi hiyo. Haikuanzishwa kwa mapenzi matupu. Mwaka 1908 na 1909 Wamaori walikuwa wamezuru Australia kucheza raga ya ligi, mchezo hasimu wenye wachezaji 13 kila upande, na wakuu wa raga ya wachezaji 15 waliona vipaji vinawaponyoka. Kuwapa timu yao kulikuwa pia njia ya kuwazuia wasihame.

Tatizo lilianza pale New Zealand ilipokutana na Afrika Kusini. Tayari mwaka 1919 timu ya jeshi la New Zealand ilipozuru huko, Ranji Wilson, ambaye babake alikuwa na asili ya visiwa vya Karibi, hakuruhusiwa kucheza. Mwaka 1921 Springboks walipozuru New Zealand walikutana na Wamaori mjini Napier na kushinda kwa alama 9-8. Mwandishi mmoja wa Afrika Kusini aliyefuatana nao alituma nyumbani ripoti iliyojaa chuki, akishangaa jinsi Wazungu wa New Zealand walivyowashangilia watu weusi dhidi ya Wazungu wenzao. Ripoti hiyo ilivuja na kuwaghadhabisha Wamaori.

Hata hivyo, viongozi wa raga hawakujifunza lolote. Mwaka 1928 All Blacks walipoenda Afrika Kusini kwa mara ya kwanza, walimwacha nyumbani George Nepia, ambaye miaka minne awali, akiwa kijana wa miaka 19, alicheza mechi zote za ziara ya Ulaya ambayo timu hiyo haikushindwa hata mara moja. Nepia hakuwa amefifia. Kosa lake lilikuwa Umaori wake.

Mwaka 1949 mambo yalirudiwa. Johnny Smith na Vince Bevan walitengwa, na All Blacks wakapigwa mechi zote nne za majaribio. Jenerali Howard Kippenberger, aliyepigana Vita vya Pili vya Dunia bega kwa bega na wanajeshi wa Kimaori, alipinga hadharani. Haikufaa kitu. Watu waliokubalika kufa pamoja na Wazungu katika majangwa ya Afrika Kaskazini hawakukubalika kucheza mpira nao kusini mwa bara hilo hilo.

Inadaiwa pia kuwa Wamaori walibebeshwa mzigo huo hata nyumbani. Mwaka 1956 Springboks waliwachapa 37-0 mjini Auckland, kichapo kilichowashangaza wengi. Mwaka 2010 Muru Walters, aliyekuwa katika kikosi hicho na ambaye baadaye alikuja kuwa askofu, alisema kwamba kabla ya mechi waziri wa masuala ya Wamaori, Ernest Corbett, aliwaendea na kuwataka wasishinde, eti kwa manufaa ya uhusiano wa raga kati ya mataifa hayo mawili.

Subira iliisha mwaka 1960. Zaidi ya watu 150,000 walitia saini ombi la kupinga ziara ya Afrika Kusini iwapo Wamaori hawangejumuishwa. Kaulimbiu yao ilikuwa fupi: bila Wamaori, hakuna ziara. Chama cha raga kilipuuza saini hizo na timu ikaondoka ikiwa ya Wazungu watupu. Lakini ziara iliyopangiwa 1967 ilifutwa kwa sababu ya suala hilo hilo, na mwaka 1970 Makaburu walilegeza kamba kwa namna ya ajabu. Wamaori watatu pamoja na Bryan Williams, kijana mwenye asili ya Samoa, waliruhusiwa kuingia wakiwa na hadhi ya "Wazungu wa heshima". Williams alitia fora uwanjani na kushangiliwa na mashabiki weusi waliotengewa pembe zao katika viwanja vya Afrika Kusini.

Hapo ndipo kisa hiki kinapoingia Afrika Mashariki. Mwezi Juni 1976, siku chache baada ya polisi kuwamiminia risasi wanafunzi wa Soweto, All Blacks waliwasili Afrika Kusini kwa ziara nyingine. Mataifa ya Afrika yaliitaka Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kuifungia New Zealand michezo ya Montreal. Kamati ilikataa kwa hoja kwamba raga haikuwa mchezo wa Olimpiki. Zaidi ya mataifa 20, mengi yakiwa ya Afrika na Kenya ikiwemo, yalisusia michezo hiyo.

Gharama yake ilikuwa kubwa, na haikulipwa na wanasiasa. Mike Boit, mshindi wa nishani ya shaba ya mita 800 mjini Munich mwaka 1972, alikosa nafasi ya kupimana nguvu na Alberto Juantorena wa Cuba aliyetwaa dhahabu. Henry Rono alikosa Montreal, na Kenya iliposusia pia michezo ya Moscow mwaka 1980 kwa sababu nyingine, bingwa huyo aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 alistaafu bila kukimbia Olimpiki hata mara moja. Filbert Bayi wa Tanzania, aliyemshinda John Walker wa New Zealand kwa rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, hakukutana naye Montreal. Walker alitwaa dhahabu.

Springboks walipozuru New Zealand mwaka 1981, nchi hiyo iligawanyika vipande viwili. Mechi ya Hamilton ilifutwa baada ya waandamanaji kuvamia uwanja, na katika mechi ya mwisho mjini Auckland ndege ndogo iliwaangushia wachezaji mifuko ya unga. Wamaori nao hawakuwa na kauli moja. Wapo waliolala barabarani kupinga, na wapo waliovaa jezi na kucheza na Springboks mjini Napier, mechi iliyoisha kwa sare ya 12-12. Ni kosa kudhani kwamba jamii nzima husema kwa sauti moja kwa kuwa ina timu moja.

Je, timu ya Wamaori ina tofauti gani basi na mfumo wa Makaburu? Swali hili huulizwa mara nyingi, na jibu lake linapatikana Afrika Kusini kwenyewe. Katika miaka ya 1970 wakuu wa raga huko walikuwa na timu ya machotara iliyoitwa Proteas na ya Waafrika iliyoitwa Leopards. Lions wa Uingereza na Ireland walicheza na timu zote mbili mwaka 1974. Kwa macho ya mgeni, timu hizo zilifanana kabisa na ile ya Wamaori: watu wa asili moja, jezi moja, wageni wa kimataifa. Tofauti ilikuwa kwamba mchezaji wa Leopards hakuwa na pengine pa kwenda. Milango ya Springboks ilifungwa, na timu hiyo ilikuwa ukuta uliopakwa rangi nzuri. Ndiyo maana wanamichezo waliofuata msimamo wa Hassan Howa walikataa kushiriki, wakisema hapawezi kuwa na michezo ya kawaida katika jamii isiyo ya kawaida.

Mmaori anayecheza timu ya ukoo wake leo aweza kuitwa All Blacks wiki ijayo, na wengi wameitwa. Hoja ya kwamba timu hiyo ni ubaguzi inapungua nguvu hapo, kwa kuwa hakuna Mzungu anayenyimwa jezi ya taifa kwa sababu yake.

Lakini hoja hiyo haifi kabisa. Kuna suala la nani ni Mmaori. Zamani wateuzi hawakuwa wakali, na jina au sura vilitosha. Siku hizi mchezaji sharti athibitishe nasaba yake. Matokeo yake ni kwamba baadhi ya wachezaji huonekana Wazungu kabisa, na mashabiki wengine huona kichekesho. Kwa Wamaori hakuna kichekesho. Kwao, ukoo ni orodha ya mababu na wala si rangi ya ngozi, na kipimo cha nusu na robo ya damu kililetwa na wakoloni. Jibu hilo ni zuri, ingawa halimridhishi anayeuliza kwa nini nasaba iwe kigezo cha michezo hata kidogo.

India iliwahi kukabiliana na swali hilo. Mashindano makubwa ya kriketi ya Bombay yaligawanya timu kwa dini na asili: Wazungu, Waparsi, Wahindu na Waislamu, na kuanzia 1937 timu ya tano ya watu wengine. Viwanja vilijaa pomoni. Mwaka 1940 Mahatma Gandhi aliyapinga, na baada ya 1946 hayakuchezwa tena. Humo humo ndani ya timu ya Wahindu, Palwankar Baloo, mrushaji hodari wa tabaka lililoitwa najisi, hakupewa kamwe unahodha aliostahili. Timu ya jamii moja nayo huwa na wabaguliwa wake.

Kenya ilichagua kufuta majina. Mwaka 1980, kufuatia agizo la serikali ya Rais Daniel arap Moi dhidi ya majina ya kikabila, Abaluhya iligeuka AFC Leopards, na Luo Union, mabingwa wa klabu wa Afrika Mashariki na Kati mwaka 1976 na 1977, ikawa Re-Union. Gor Mahia, iliyobeba jina la mganga mashuhuri wa masimulizi ya Waluo, ilibaki ilivyo. Majina yalibadilika, mashabiki hawakubadilika. Hata hivyo, klabu hizo hazina sharti la damu. Meddie Kagere wa Rwanda aliifungia Gor mabao na kuimbiwa na mashabiki kama mwana wa nyumbani.

Kwa upande wa uwanjani, timu ya Wamaori haijawahi kuwa mapambo. Mwezi Juni 2005 iliwalaza Lions 19-13 mjini Hamilton, katika mechi ya mwisho ya kocha Matt Te Pou. Mwaka 2010, ikiadhimisha miaka 100, iliwanyuka Ireland na Uingereza kwa zamu. Mwaka 2012 ndipo ilipopewa rasmi jina la Maori All Blacks.

Maadhimisho hayo ya 2010 yalifufua deni la zamani. Kwa muda chama cha raga cha New Zealand kilisita kuomba radhi kwa wachezaji walioachwa nyumbani. Shinikizo lilipozidi, mwezi Mei mwaka huo chama hicho kiliomba msamaha, na wenzao wa Afrika Kusini wakafanya vivyo hivyo. Nepia alikuwa amefariki mwaka 1986.