Wenye magari-nyumba Arusha: kagua ardhi na maji kabla ya mandhari

Na Mwandishi Wetu, Arusha

ANAYEPITA Kwa Mrombo, kusini mwa Jiji la Arusha, jioni ya mwisho wa wiki hahitaji kuelekezwa. Moshi wa nyama choma humfikia kabla hajaiona bucha yenyewe, na magari yaliyoegeshwa pande zote mbili za barabara humlazimu kupunguza mwendo. Ndiyo maana kundi lolote la wasafiri linalopanga kukutana Arusha hujikuta limeitaja Kwa Mrombo tangu kikao cha kwanza.

Kwa mwenye gari dogo jambo hilo ni jepesi. Huegesha, huagiza kilo yake ya mbuzi, hula na kurudi nyumbani. Lakini wapo wasafiri wa aina nyingine, wale wanaokuja na magari yenye kitanda, jiko, tanki la maji na pengine choo ndani yake, ambayo katika makala haya tutayaita magari-nyumba. Baadhi yake ni malori yaliyogeuzwa kuwa makazi, yenye uzito wa tani kumi na zaidi, yaliyoshushwa bandarini Mombasa au kuendeshwa kutoka Afrika Kusini. Mengine ni Land Cruiser za wakazi wa Nairobi, Dar es Salaam na Arusha kwenyewe, zilizofungwa hema juu ya paa. Wenye magari hayo wanapotaka kukutana ishirini au thelathini kwa siku tatu, uchaguzi wa mahali huwa kazi nzito, na gharama ya kukosea ni kubwa.

Arusha ina sababu ya kuwa kituo chao. Mji huu upo kwenye njia kuu ya kale ya kutoka Cape Town kwenda Cairo, na Mnara wa Saa uliopo katikati ya mji husifiwa kuwa ndio nusu ya safari hiyo. Wenye ramani hubishana na hesabu hiyo, lakini hakuna msafiri anayeondoka bila kupiga picha hapo. Kutoka Namanga ni kilomita zipatazo 110 za lami, na tangu kituo cha pamoja cha forodha kizinduliwe mpakani hapo mwaka 2018, taratibu za nchi mbili hukamilishwa mahali pamoja. Wanaotokea kusini wanaweza kupitia Dodoma, Kondoa na Babati kwa lami, na familia zinazokuja kwa ndege hushukia Uwanja wa Kilimanjaro, ambao hauko mbali.

Jambo la kwanza ambalo waandaaji wengi hulisahau ni kalenda. Makundi hupenda kukutana Pasaka kwa sababu ya mapumziko marefu, na Pasaka huangukia Machi mwishoni au Aprili, yaani katika masika. Uwanja uliokaguliwa Februari ukiwa mgumu kama sakafu unaweza kuwa tope la kufika magotini wiki ya Ijumaa Kuu. Miezi ya kuanzia Juni hadi Oktoba ni mikavu, ingawa Juni hadi Agosti baridi ya usiku katika miteremko ya Mlima Meru humshangaza mgeni aliyedhani Afrika ni joto tupu. Aidha, mwezi Juni hufanyika maonyesho ya utalii ya Karibu-KiliFair, na mwanzoni mwa Agosti ni Nane Nane. Katika majuma hayo nafasi za kulala, mafundi na hata mahema ya kukodi huwa adimu.

Baada ya kalenda ndipo ije ardhi, na hapa ndipo mwandishi wa makala haya angeshauri muda mwingi utumike. Mwenye uwanja atamwonyesha mgeni mlima, miti na ndege. Mgeni atazame chini. Udongo mweusi wa mfinyanzi hujitambulisha kiangazi kwa nyufa zake pana. Ukilowa, hunata na kuteleza, na lori la tani kumi likizama humo halitolewi na trekta la kawaida. Udongo wa changarawe au kokoto za volkeno hupitisha maji na kubeba uzito. Njia rahisi ya kupima ni kumwaga ndoo mbili za maji mahali pamoja, kusubiri robo saa, kisha kukanyaga kwa kisigino. Kama kisigino kinazama, na gurudumu litazama.

Mwinuko nao hutazamwa. Mtu anayelala katika gari lililoinama hulala akiteleza, na jokofu la gesi la magari haya hufanya kazi vibaya lisipokaa sawa. Kuhusu ukubwa, hesabu si ngumu. Gari moja lenye urefu wa mita saba huhitaji eneo la mita kumi kwa kumi ili wenyewe waweke meza na kivuli bila kugusana na jirani. Magari ishirini ni mita za mraba 2,000. Ongeza njia za kupita, mahali pa moto wa jioni na nafasi ya kugeuzia, utafika karibu ekari moja, ambayo ni mita za mraba 4,000 na kidogo. Uwanja wa nusu ekari unaoonekana mkubwa ukiwa mtupu hautatosha.

Kisha ipimwe njia ya kuingilia, tena kwa futi ya kamba wala si kwa macho. Lango la upana wa mita tatu hupitisha gari, lakini halimpi dereva nafasi ya kukata kona akitokea kwenye barabara nyembamba. Waya wa umeme unaotoka kwenye nguzo kwenda nyumbani mara nyingi hulegea, na lori-nyumba lenye urefu wa karibu mita nne linaweza kuung'oa. Matawi hufanya uharibifu huohuo kwa mitambo ya umeme wa jua iliyopo juu ya paa. Kalavati la mtaani lililojengwa kwa ajili ya bajaji na gari la maji halikujengwa kwa ajili ya msafara. Likivunjika, wanaobaki na shimo ni wakazi, ilhali wageni wameshafika Ngorongoro.

Maji ndiyo suala ambalo Arusha hutofautiana na miji mingine. Ardhi inayouzunguka Mlima Meru, ambao ni volkano iliyolipuka kidogo mara ya mwisho mwaka 1910, ina madini ya floraidi kwa wingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na vipo visima na vijito vya eneo hili vinavyozidi kiwango hicho mara nyingi. Madhara yake huonekana katika meno ya kahawia ya watu waliokulia hapa na, kwa waliotumia maji hayo miaka mingi, katika mifupa. Pale Ngurdoto kipo kituo cha Wizara ya Maji ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikitafiti namna ya kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Mgeni wa siku tatu hataugua kwa sababu hiyo. Lakini mwenye gari-nyumba hujaza tanki na kuondoka nalo, na wengine husafiri na watoto kwa miezi. Ni haki yao kuambiwa maji ya uwanja yanatoka wapi. Wajue pia kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi, bali huiacha ndani ya maji yaliyopungua, na vichujio vya kawaida vya mkaa havitoshi. Maji ya kunywa na kupikia yapangiwe bajeti yake. Ya kisima yabaki kwa kuoga na kufua.

Kiasi nacho kikadiriwe mapema. Watu 40 wakitumia lita 40 kila mmoja kwa siku ni lita 1,600, na kwa siku tatu ni 4,800. Magari ishirini yakijaza lita 100 kila moja siku ya kuondoka, ongeza 2,000. Yaani karibu lita 7,000, ambazo tanki moja la lita 5,000 halitoshi bila kujazwa upya. Katika mitaa ambako majirani hupanga ndoo kusubiri mgawo, kundi linalooshea magari yake mbele yao hujitafutia lawama, na lawama hiyo ni ya haki. Afadhali boza liagizwe na lilipwe na kundi lenyewe.

Upande wa majitaka, vyoo vya ndani ya magari haya vingi hutumia dawa ya kuua harufu. Dawa hiyo ikimwagwa katika shimo la kawaida huua vijidudu vinavyosaga uchafu, na shimo hujaa kabla ya wakati wake. Mwenye uwanja aulizwe waziwazi kama anakubali, na kama hakubali, gari la kunyonya majitaka likodiwe. Wageni wakumbushwe pia kwamba mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na katazo hilo linamhusu hata anayevuka mpaka nayo.

Umeme usitegemewe sana. Magari ishirini yakiwasha birika la kilowati mbili kwa wakati mmoja asubuhi ni kilowati 40, mzigo ambao laini ya nyumba ya kawaida haiwezi kuubeba. Na kwa kuwa umeme wetu ni wa LUKU, kundi likubaliane mapema nani atanunua uniti, kwani ugomvi wa saa nane za usiku kuhusu jambo hilo huharibu mkutano mzima. Jenereta ziwe na saa ya kuzimwa. Zipo kanuni za mwaka 2015 zinazodhibiti kelele, na wapo majirani wanaoamka alfajiri kwenda kazini.

Je, mahali penyewe ni wapi? Magharibi, kilomita zipatazo 25 katika barabara ya kwenda Makuyuni, upo Meserani, penye bustani ya nyoka ambayo tangu miaka ya 1990 imekuwa kituo cha malori ya watalii wanaovuka bara. Eneo ni wazi, tambarare, na kuingia kutoka barabara kuu ni rahisi. Kasoro yake ni vumbi na upepo wa kiangazi. Mashariki, jirani na Tengeru, lipo Ziwa Duluti, ziwa dogo la kreta lenye msitu wa hifadhi unaolizunguka. Panapendeza kuliko Meserani, lakini kivuli cha miti huzinyima jua paneli za magari, matawi ni ya chini, na siku za soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, msafara hautapita kwa urahisi.

Hifadhi ya Taifa ya Arusha ina viwanja vya kambi chini ya Mlima Meru, na hakuna mandhari yanayoyashinda hayo. Hata hivyo, ada hutozwa kwa kila mtu kwa saa 24, na gari lenye namba za kigeni hulipiwa zaidi kulingana na uzito wake, hivyo lori-nyumba laweza kumgharimu mwenyewe kuliko chakula cha wiki. Malipo ni ya kielektroniki, na lango hufungwa jioni. Kwa maoni yetu, hifadhi ni ya matembezi ya siku moja kwa gari la kukodi, si ya mkutano. Viwanja vya Nane Nane vya Themi, Njiro, vina nafasi, na kundi kubwa linaweza kuviulizia nje ya msimu wa maonyesho.

Na Kwa Mrombo? Kwa kulala hapafai. Maeneo yaliyokuwa wazi upande huo wa jiji yanajengwa kwa kasi, maegesho ni ya kubanana, muziki huchelewa kuzimwa na lori halina pa kugeuzia. Kwa chakula cha pamoja hapana mpinzani. Lililo bora ni magari yabaki kambini na watu wakodishiwe Hiace, jambo ambalo pia huondoa swali la nani ataendesha baada ya vinywaji. Ukienda na watu 40, mtu atangulie mchana kuagiza na kuchagua nyama, la sivyo mtasubiri hadi saa nne usiku mkitazama sahani za wengine. Wasiotaka kutoka wanaweza kukubaliana na mchomaji aje kambini na majiko yake, pamoja na ndizi na kachumbari.

Barabara ya mchepuo ya kilomita 42.4, inayozunguka jiji kwa upande wa kusini na iliyozinduliwa mwaka 2022, imerahisisha mpango huo. Magari mazito yanayotoka Namanga au Moshi hayalazimiki tena kupenya katikati ya mji.

Uwanja ukishachaguliwa, mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata wapelekewe barua yenye tarehe, idadi ya magari na jina la mwenyeji, na kituo cha polisi kilicho jirani kipewe nakala. Ulinzi uwe wa askari wanaojulikana na eneo, lango liwe moja. Namba za simu za hospitali ya Mount Meru na za fundi wa magari makubwa zibandikwe penye maji, mahali ambapo kila mtu hufika. Kisha mwandaaji arudi uwanjani wiki moja kabla ya mkutano, ikiwezekana siku iliyonyesha mvua, akiwa na gari zito kuliko yote yatakayokuja, aingie nalo, aligeuze na kutoka.