Kambi Kubwa Kuliko Uhuru

Sisi vijana wa Misiera tukipanda taksi ya kwenda Mbarara, swali ni lile lile: "Nyie ni wa wapi?" Tukisema Nakivale, wanauliza tena.

Jamani, Nakivale si ya jana. Ilipokea Watutsi waliokimbia Rwanda mwaka 1959, Waingereza wakiwa bado wanatawala hapa. Uganda ilipata uhuru 1962, kwa hiyo kambi inaizidi bendera umri. Baada ya 1994 wengi wa wazee wale walirudi kwao, na Wanyarwanda wengine wakaingia. Wakongo, Wasomali, Waethiopia nao wakaja, na Warundi wa 2015.

Ndiyo maana mama Mkongo anakopa sukari kwa Msomali, anamsalimia Mnyankole "Agandi", halafu anamgombeza mtoto kwa Kiswahili na mtoto anajibu Kinyarwanda. (Hata sisi tunachanganya, msitucheke.)

Mtoto huyo kazaliwa hapa hapa. Ila Katiba ya 1995, kifungu cha 12, haimpi haki ya kuandikishwa uraia aliyezaliwa Uganda kama mzazi au babu yake alikuwa mkimbizi. Kwenye taksi yeye anajibu haraka: "Misiera." Kongo hajawahi kuiona.